Sanduku lisilo na ufunguo: mbao za Hakone zinavyotunza siri

Weka mbele yako kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 15 hivi. Hakina kufuli, hakina bawaba, hakina tundu la ufunguo. Kifuniko nacho hukioni. Pande zote sita zimefunikwa na nakshi ya pembetatu na nyota ndogondogo, nyeupe, kahawia, manjano na kijivu, na hakuna pahali ambapo ukucha unaweza kuingia. Ukikitikisa unasikia kitu kinagonga ndani. Utakitoaje?

Wajapani wanakiita himitsu-bako. Himitsu ni siri, hako ni sanduku; neno hako likitanguliwa na neno lingine linageuka kuwa bako. Mtu anayesema Kiswahili hatashangaa sana kuona mwanzo wa neno ukibadilika hivyo, kwani sisi wenyewe tunasema ubao na mbao, ulimi na ndimi.

Kisanduku hiki kinatengenezwa Hakone na katika mji jirani wa Odawara, jimbo la Kanagawa, chini ya kilometa 100 kusini-magharibi mwa Tokyo. Watalii wanakinunua, wanarudi nacho nyumbani, wanashindana nani atakifungua kwanza. Wengi wanauliza jambo moja tu: kina hatua ngapi? Ni swali zuri, lakini linaacha nyuma jambo kubwa zaidi. Ile nakshi ambayo mnunuzi anaidhani ni pambo ndiyo inayofanya kazi ya kufuli. Bila mbao za rangi nyingi na mikono inayojua kuziunganisha, siri ingeonekana kwa macho.

Njia ya wasafiri

Hakone ni eneo la volkano. Mvuke wa kiberiti unatoka ardhini pahali panapoitwa Owakudani, na maji ya moto yanavuta watu wanaotaka kuoga na kupumzika. Wakaaji wa Goma hawahitaji kuelezwa maana ya kuishi chini ya mlima wa namna hiyo. Lakini kilicholeta kazi hii ya mbao ni vitu viwili vingine: msitu wenye miti ya aina nyingi, na barabara.

Barabara hiyo ni Tokaido, iliyounganisha Edo (Tokyo ya leo) na Kyoto. Mwaka 1619 utawala wa Tokugawa uliweka kizuizi cha ukaguzi Hakone. Askari walichunguza hasa wanawake wanaotoka upande wa Edo, maana wake wa watawala wa majimbo waliwekwa mjini kama dhamana. Wasafiri walipanda mlima kwa miguu, wakalala njiani, wakanunua vitu vidogo vya kupelekea jamaa zao. Katika kijiji cha Hatajuku, kati ya Odawara na kizuizi hicho, mafundi waliwauzia vyombo vya mbao.

Kijijini hapo, katika miaka ya mwisho ya zama za Edo, fundi aliyeitwa Ishikawa Nihei alianza kuunganisha vipande vya miti ya rangi mbalimbali ili kupata nakshi. Yeye ndiye anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa yosegi-zaiku ya Hakone. Jina hilo pia ni rahisi kulifungua: yose ni kukusanya, ki (hapa gi) ni mti, saiku (hapa zaiku) ni kazi ya ustadi wa mikono. Kazi ya miti iliyokusanywa, basi. Mwanzoni vipande vilipangwa ovyo, namna inayoitwa ran-yosegi. Mwanzoni mwa zama za Meiji mbinu kutoka Shizuoka zikafika, na hapo ndipo nakshi za kurudiarudia, zenye hesabu kali, zikakamilika.

Masanduku ya ujanja nayo yalikuwa yakitengenezwa katika eneo hilo katika karne ya 19, kwa majina tofauti: chie-bako, sanduku la akili, tejina-bako, sanduku la kiini macho, shikake-bako, sanduku lenye mtambo. Fundi wa Odawara, Ohkawa Takajiro, anatajwa kuwa ndiye aliyelipa himitsu-bako umbo tunalolijua leo, karibu na mwisho wa karne hiyo. Siri ya ndani ikakutana na nakshi ya nje, na tangu hapo hazijaachana.

Rangi bila rangi

Mtu akiona nakshi hizo anafikiri kuna brashi na rangi. Hakuna. Kila rangi ni ya mti wenyewe, na fundi anajua kila mti kwa jina na kwa tabia yake.

Nyeupe inatoka kwa mizuki. Mizu ni maji, ki ni mti: mti wa maji, kwa sababu ukikata tawi lake wakati wa masika utomvu unadondoka kama bomba linalovuja. Manjano inatoka kwa nigaki, jina linalomaanisha mti mchungu, na kweli mbao zake ni dawa ya tumbo. Sisi tungeuweka pamoja na mwarobaini. Manjano nyingine, inayogeuka kahawia kadiri miaka inavyopita, ni ya kuwa, mforsadi ambao majani yake hulishwa viwavi wa hariri. Kijivu chenye kuelekea kijani ni cha ho, mti wa majani mapana sana. Mbao za ho ni laini na hazikwaruzi chuma, ndiyo maana mafundi wa zamani walizitumia kutengenezea ala za panga. Kahawia na wekundu vinatoka kwa keyaki, mti wa nguzo za mahekalu, na kwa sakura, ule ule ambao maua yake yamejulikana dunia nzima.

Kisha kuna katsura, ambao majani yake yakianguka yananukia kama sukari iliyoungua. Mbao zake hazipindi ovyo, kwa hiyo zinafaa kwa mwili wa sanduku ambao nakshi itabandikwa juu yake.

Rangi ya giza ndiyo yenye hadithi. Mafundi wanatafuta mbao zinazoitwa jindai, maana yake zama za miungu. Ni miti iliyoanguka na kufunikwa na udongo au majivu ya volkano kwa mamia ya miaka, hata maelfu, bila kuoza. Ardhi imeipa kijivu kizito kinachokaribia weusi. Mti wa namna hiyo hauwezi kupandwa, unachimbuliwa ukipatikana.

Seremala wa Beni au Butembo anayetambua libuyu kwa kuinusa tu ataelewa ujuzi huu mara moja. Tofauti ni kwamba fundi wa yosegi anatakiwa kujua miti mingi kwa wakati mmoja, na tena kujua itaishi vipi pamoja. Mti mmoja unavimba sana wakati wa mvua, mwingine kidogo. Ukiibandika bega kwa bega kabla haijakauka vizuri, nakshi itapasuka. Ndiyo maana mbao zinakaa zikikaushwa muda mrefu kabla ya msumeno kuzigusa tena.

Maranda ndiyo bidhaa

Katika karakana zetu, maranda yanayotoka kwenye randa yanafagiliwa na kuwashia moto. Hakone, maranda ndiyo bidhaa yenyewe.

Kazi inaenda hivi. Fundi anapasua mbao za rangi tofauti kuwa vijiti virefu, vingine vya pembe tatu, vingine vya pembe nne, vingine vya umbo la almasi. Anavipanga, anavipaka gundi, anavifunga kwa kamba kwa nguvu mpaka gundi ishike. Ukitazama kichwa cha fungu hilo unaona nakshi moja ndogo, sawa na unavyoona duara ukikata muwa. Fungu linakatwa vipande, vipande vinaunganishwa tena, hadi unapatikana mgogo mmoja mpana wenye nakshi ile ile ikirudia mara nyingi. Mgogo huo unaitwa taneita. Tane ni mbegu, ita ni ubao: ubao wa mbegu.

Sasa anachukua randa kubwa na kuupitisha juu ya ubao wa mbegu. Kinachotoka ni karatasi ya mbao yenye unene wa karibu milimita 0.2, sawa na karatasi mbili za daftari. Karatasi hiyo inaitwa zuku. Inatoka imejikunja, inanyoshwa kwa joto, kisha inabandikwa juu ya sanduku. Ubao mmoja wa mbegu unatoa karatasi nyingi, zote zenye nakshi moja.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Kwenye nakshi ya pembe sita, kila kijiti cha pembetatu kinatakiwa kuwa na nyuzi 60 kamili. Kosa la unywele kwenye kijiti cha kwanza halionekani. Likirudiwa mara sita duara halifungi, na likirudiwa kwenye mgogo mzima nakshi yote inalala upande. Randa isiyonolewa vizuri nayo inachana zuku katikati.

Njia ya pili inaitwa muku. Hapa hakuna karatasi: mgogo wenyewe unachongwa kuwa bakuli, sahani au kikombe, na nakshi inapita hadi ndani. Ni kazi ya bei kubwa kwa sababu inakula mti mwingi. Kikombe cha ushindi cha siku ya kwanza ya mbio za Hakone Ekiden, zinazokimbiwa na wanafunzi wa vyuo vikuu tarehe 2 na 3 Januari, kimekuwa cha yosegi tangu mwaka 1997, kazi ya fundi Kanazashi Katsuyoshi. Wanaofuatilia riadha wanazijua mbio hizo: kila mwaka kuna wanafunzi kutoka Kenya ndani yake.

Kila nakshi na jina lake

Nakshi hazikubuniwa na maseremala peke yao. Nyingi zilikuwa tayari kwenye nguo, na kila moja ina jina ambalo Mjapani analisoma kama sisi tunavyosoma maneno ya kanga.

Ichimatsu ni miraba ya rangi mbili kama ubao wa mchezo wa drafti. Jina lilitoka kwa mwigizaji wa kabuki wa karne ya 18, Sanogawa Ichimatsu, aliyeivaa jukwaani mpaka watu wote wakaitaka. Nembo ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo 2020 ilijengwa juu ya nakshi hiyo. Asanoha ni jani la katani, nyota ya pembe sita. Katani inakua haraka na kwa kunyooka, kwa hiyo wazazi waliichora kwenye nguo za watoto wachanga. Kikko ni gamba la kobe, alama ya maisha marefu. Uroko ni magamba ya samaki au nyoka, pembetatu zinazosemekana kufukuza mabaya. Seigaiha ni mawimbi ya bahari. Yagasuri ni manyoya ya mshale. Mshale ukitupwa haurudi, na bibi arusi alipewa kitambaa cha nakshi hiyo ili naye asirudishwe kwao. Nakiri kwamba hii ya mwisho ilinifanya nicheke, kisha nikafikiria mahari zetu, nikanyamaza.

Nakshi hizi zote zina mistari mingi inayokutana na kuachana. Na hapa tunarudi kwenye siri.

Ubao unaoteleza

Himitsu-bako ni sanduku ndani ya sanduku. Mbao za nje zimekaa kwenye mifereji midogo, na baadhi zinaweza kuteleza milimita chache tu. Ubavu mmoja ukishuka, unaachia nafasi kwa ubao wa upande mwingine kusogea. Huo nao unaondoa kijiti kilichokuwa kimezuia wa tatu. Wa mwisho kabisa ni kifuniko. Kufunga ni kurudi nyuma hatua kwa hatua bila kuruka hata moja.

Fundi anabandika zuku juu ya mwili mzima, kisha anakata kwa kisu chembamba pale tu ambapo ubao utateleza. Kwenye ubao mtupu, mkato huo ungeonekana kama kovu usoni. Kwenye asanoha, unapotea katikati ya mamia ya mistari mingine. Jicho linatafuta mlango na kila mahali linaona mlango. Hiyo ndiyo sababu nasema nakshi ni kufuli.

Masanduku yanauzwa kwa vipimo viwili. Cha kwanza ni ukubwa, unaohesabiwa bado kwa sun, kipimo cha zamani cha sentimita 3.03. Sanduku la sun 5 ni kama lile nililoeleza mwanzoni. Vile vidogo kabisa vinaitwa mame, maana yake haragwe. Cha pili ni idadi ya hatua. Kuna ya hatua 4 kwa watoto. 7, 10, 12 na 14 ni ya kawaida madukani. 21 na 27 inahitaji uvumilivu. Na kuna mafundi waliofika 54, 66, 72, hata 78. Ili kupata hatua nyingi hivyo, ubavu mmoja unagawanywa vipande kadhaa, na kila kipande kinasogea kwa zamu yake, kwenda na kurudi. Mimi nilishinda karibu saa moja na kimoja cha hatua 10, nikikisukuma kwa nguvu. Nguvu ndiyo lilikuwa kosa langu. Ubao unaotakiwa kusogea unasogea kwa kidole kimoja. Usiposogea, si zamu yake.

Lakini kuna hali moja ambapo hata zamu yake haitoshi. Japani ina majira ya mvua kuanzia mwezi wa sita, kisha joto la unyevu, na wakati wa baridi hewa ya upande huu wa kisiwa inakauka. Mbao zinavimba na kusinyaa pamoja na hewa. Fundi anayelegeza mno anatoa sanduku ambalo mikato yake inaonekana. Anayekaza mno anatoa sanduku litakalogoma mvua ikinyesha. Nafasi kati ya makosa hayo mawili ni nyembamba kuliko zuku, na haimo katika kitabu chochote. Inajifunzwa kwa kukaa miaka kando ya mtu anayeijua.

Na watu hao ni wachache. Serikali ya Japani ina sheria ya mwaka 1974 inayolinda kazi za mikono za asili, na yosegi ya Hakone iliingizwa kwenye orodha yake mwaka 1984. Ili kukubaliwa, mbinu na malighafi lazima ziwe zimetumika kwa miaka 100 au zaidi. Cheti hicho kinasaidia kuuza na kinatoa heshima. Hakimfanyi kijana wa miaka 20 aache mshahara wa Tokyo akae na randa mlimani. Himitsu-bako za hatua nyingi, hasa, ziko mikononi mwa mafundi wa kuhesabika, na wengine wao ni wazee.

Wenge afika Odawara

Kuna kundi lingine lililochukua siri ya zamani na kuipeleka mbele. Linaitwa Karakuri Creation Group. Mmoja wa mafundi walioliongoza ni Kamei Akio. Karakuri ni mtambo wa ujanja. Mafundi hao wanatengeneza masanduku yenye umbo la kitabu, la keki, la mnyama, na kila fundi ana namna yake. Watu wanajiandikisha kupokea sanduku moja wakati wa Noeli bila kujua watapata nini.

Kwa kuwa hawafungwi na sharti la miaka 100, wanatumia mbao za pande zote za dunia. Ukisoma maelezo ya masanduku yao unakutana na majina ambayo hayatoki Hakone. Padauk, nyekundu kama pilipili. Na wenge.

Wacongomani wengi wanalijua jina wenge kupitia orkestra, Wenge Musica, kuliko kupitia mti wenyewe. Mti huo, kwa jina la kisayansi Millettia laurentii, unakua katika Bonde la Congo: kwetu upande wa Équateur na Mai-Ndombe, na pia Congo-Brazzaville, Gabon na Cameroon. Mbao zake ni kahawia ya giza yenye michirizi myeusi. Kwa fundi wa Japani ambaye jindai yake inachimbuliwa kwa bahati, huo ni weusi unaopatikana kwa kuagiza.

Shirika la kimataifa la uhifadhi IUCN limeuweka wenge kwenye orodha ya miti iliyo hatarini kutoweka tangu mwaka 1998. Padauk nayo, pamoja na jamaa zake wote wa jenasi ya Pterocarpus barani Afrika, iliingizwa mwaka 2022 kwenye orodha ya CITES, kwa hiyo haiwezi kuvuka mpaka kibiashara bila karatasi. Wa kulaumiwa si masanduku. Fundi wa Odawara anatumia kipande ambacho mtu anaweza kukibeba kwapani, na hakuna kinachobaki kwa kuwashia moto. Miti inayoondoka kwa magogo mazima inakwenda kuwa sakafu, milango na meza za watu wengine, na hapo bei ya kilo moja ya wenge ni ndogo sana ukiilinganisha na ile ya kisanduku kimoja.

Kwenye maelezo ya kisanduku hicho, chini ya picha, mara nyingi mbao zinatajwa kwa majina tu, moja baada ya jingine. Ho, katsura, mizuki, wenge. Nchi ilikotoka haiandikwi.